Nta ya Ipole Katika Friji ya Shangazi

Iko alasiri moja ya ujana wangu ambayo hunirudia kila nisikiapo mtu akisema kwamba kifaa chake kilichoharibika kimepona. Hunirudia pamoja na harufu yake: nta ya nyuki iliyoyeyushwa jikoni, tamu na nzito, ikiwa imeenea hadi sebuleni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kutoka safarini, viatu vimejaa vumbi, na kabla sijauliza harufu ile inatoka wapi niliambiwa kwa furaha kubwa kwamba friji imepona.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu juzi uliniambia, nawe ukiwa na furaha kama ile, kwamba umeifungua tivii ya nyumbani kwenu ukiongozwa na video uliyoiona kwenye simu, na kwamba sasa unakusudia kuigeukia friji ya mama yako. Hukupata jibu kwangu siku ile. Sipendi kumjibu mtu kabla sijalipanga jambo kichwani, na jambo hili lina mambo mengi ndani yake. Jibu langu ni hili hapa. Lisome ukiwa umekaa.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nipo likizo, nikiishi Gongoni, mtaa wa mjini Tabora, kwa shangazi yangu Monika, dada yake baba. Shangazi alikuwa mjane na mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Marehemu mumewe alifanya kazi reli, na miongoni mwa vitu vichache alivyomwachia kilikuwamo kimoja ambacho nyumba nyingi za mtaa ule hazikuwa nacho: friji nyeupe, fupi, yenye mpini wa chuma. Majirani walidhani ni kitu cha kujivunia. Wengine walikuja kuomba maji ya baridi, nao hawakunyimwa. Lakini friji ile haikuwekwa kwa ajili ya maji. Shangazi alikuwa na kisukari, kile kinachohitaji sindano kila siku, na kwenye rafu ya kati, ndani ya kopo la biskuti, kulikuwa na vichupa vyake vya insulini. Bila dawa ile asingeishi. Alijua yeye, na sisi tuliokaa naye tulijua.

Siku zile dawa yenyewe ilikuja Tabora kwa treni kutoka Dar es Salaam, na haikuja kila mara ilipohitajika. Kwa hiyo ilipofika, hospitali ilimpa Shangazi akiba ya muda mrefu, kwa kuwa walifahamu kwamba ana mahali pa kuitunza na ana akili ya kuitunza. Walikuwa sahihi. Kila asubuhi alichemsha bomba lake la kioo la sindano, kisha akapima sukari kwa njia ya wakati ule: matone machache ya mkojo katika kichupa kirefu chenye dawa ya buluu, akakishika juu ya moto hadi kikachemka. Rangi ikibaki buluu, sukari haimo. Ikigeuka kijani, imo kidogo. Njano ni onyo. Ikifika rangi ya tofali, mtu aende hospitali bila kuaga. Nilimtazama akifanya hivyo mara nyingi, na ninakuhakikishia kwamba sijapata kuona mtu anayeuamini mwili wake kidogo namna ile na kuupima kwa uangalifu namna ile.

Alikuwa na swali moja ambalo lilituchosha sote. Ukimwambia kwamba sabuni imefika dukani, au kwamba mtoto wa fulani amefaulu, au kwamba barabara ya Sikonge imefungwa, hakusema ndiyo wala siyo. Aliuliza: "Umeona mwenyewe, au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, alitikisa kichwa kwa adabu na kuendelea na kazi yake, kana kwamba hujasema kitu.

Katika nyumba hiyo alikuwamo pia kaka yangu Maganga, mtoto wa baba mkubwa wa Ipole. Kule Ipole wao ni watu wa nyuki tangu wazee wao. Maganga alileta asali mjini, akafikia kwa Shangazi, akakaa hadi iishe, kisha akarudi porini. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa mkono na mwepesi wa kucheka. Aliniita Mwalimu wakati bado sijafundisha hata darasa moja, na ilimpendeza kuona ninavyokasirika. Aliwahi kuitengeneza redio ya jirani kwa kusugua kutu mahali betri zinapokaa, na tangu siku hiyo wanaume waliokuwa wakikaa kwenye benchi mbele ya duka la pembeni walimwita Fundi. Walimwita kwa dhihaka. Yeye alilichukua jina kwa dhati, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Friji ya Shangazi ilikuwa na ugonjwa mdogo. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea upande mmoja, hewa ya nje ikawa inaingia, na katika chumba cha juu cha barafu ikajijenga barafu nene, ngumu, yenye rangi ya maziwa. Ilizidi hadi kijimlango cha chumba kile hakikufunga. Shangazi alikwisha kusema atakavyofanya: angehamisha dawa zake kwenye mtungi wenye maji pembeni, angeichomoa friji, angeacha mlango wazi na kuweka beseni chini, kisha angengoja barafu iyeyuke yenyewe. Ni kazi ya siku nzima, na ni kazi ya kukaa tu. Alikuwa hajaifanya kwa sababu ulitokea msiba Kwihara upande wa ukwe wake, tukaondoka mimi na yeye. Alichukua kichupa kimoja cha dawa, akakifunga kwa kitambaa chenye maji ndani ya chungu kidogo. Vingine aliviacha mahali pake. Maganga alibaki kulinda nyumba.

Yaliyotokea nyuma yetu nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kinywani mwa Maganga mwenyewe, na kwa kuwa hakujitetea popote katika masimulizi yake, nayachukua kuwa ya kweli.

Aliiona ile barafu akasikitika. Alitaka Shangazi arudi kutoka msibani akute kazi imekwisha. Akatoka hadi kwenye benchi kuuliza barafu ya friji huondolewaje. Pale benchini hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye friji, mwanangu, lakini hapakuwa na mtu asiyekuwa na jibu. Mmoja alisema maji ya moto. Mwingine alisema chumvi. Wa tatu, ambaye alisema shemeji yake alifanya kazi katika hoteli, alisema kisu, tena kisu kirefu, unapenyeza chini ya barafu na kuikwanyua vipande vipande. Maganga aliposita kidogo wakamcheka.

"Wewe unawanyang'anya nyuki wakali wa Ipole asali yao," mmoja akamwambia, "leo barafu ndiyo ikushinde, Fundi?"

Basi akaenda kuchukua kisu chake cha kurinia asali. Sharti nikueleze kazi ya kisu kile, maana kosa lake lilitoka katika ustadi wake. Mrina asali hukata sega pale linaposhikana na ukuta wa mzinga. Huingiza kisu kati ya sega na mti, akikihisi kwa kiganja, akikilaza kifuate ukuta, na kazi nzuri ni ile isiyoacha kitu ukutani. Mzinga ni gogo. Ukiukwaruza hauumii. Mkono wa Maganga ulikuwa umefundishwa hivyo tangu utotoni, na ulipoingia katika chumba cha barafu ulifanya kile unachokijua: ulifuata ukuta. Lakini ndani ya ukuta ule wa bati jembamba hupita mrija wa gesi, ambayo ndiyo inayoleta baridi. Kisu kilipofika mahali fulani, kikasita, akakisukuma. Akasikia mlio mrefu, kama mtu anayetoa pumzi kwa meno, ukapungua, ukapungua, ukanyamaza.

Alijua kwamba ametoboa. Hilo hakulificha. Lakini mtu wa Ipole anapoona tundu ana dawa yake. Ndoo ikivuja huzibwa kwa nta. Kibuyu kikipasuka, nta. Pipa la asali, nta tena, na linasafiri kwa baiskeli hadi mjini bila kudondosha hata tone. Akayeyusha nta jikoni, akaibandika juu ya tundu ikiwa laini, akaisawazisha kwa kidole gumba kama alivyofundishwa na baba yake. Akaiwasha friji. Ikaunguruma. Akarudi benchini kuuliza kama inatosha, nao wakamwambia inatosha, ila mlango usifunguliwe kwa muda, ili friji ikusanye baridi yake. Nani aliwaambia? Sijui hadi leo. Hata wao hawakujua.

Nilirudi mimi kwanza, kwa sababu Shangazi alibaki Kwihara hadi watu wamalize matanga. Ndiyo ile alasiri ya harufu ya nta. Maganga alinipokea mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, friji imepona, haina barafu hata punje. Ila usiifungue kwanza, inakusanya baridi." Nilisikiliza. Nikasikia inaunguruma. Ilikuwa miezi ile ya joto kabla ya mvua, wakati Tabora inapokauka na hata upepo unakuwa wa moto. Nilikuwa na kiu, na maji ya baridi niliyatamani. Hata hivyo sikufungua. Niliona kwamba kufungua ni kumvunjia kaka yangu heshima, na nikakaa na kitabu changu siku zile zote, hatua chache kutoka kwenye mlango ule.

Shangazi akarudi. Nikampokea mzigo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Njema. Friji nayo imepona. Kaka Maganga ameondoa barafu yote."

Alikuwa akivua kitenge cha mabegani. Akasimama nacho mkononi. "Umeona mwenyewe, au umeambiwa?"

"Inaunguruma, Shangazi."

"Sikukuuliza kama inaunguruma. Hata tumbo lenye njaa linaunguruma."

Akaenda moja kwa moja jikoni, sisi nyuma yake. Akafungua mlango, akaingiza mkono, akautuliza ndani kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kulikuwa na joto ndani, joto lililofungiwa. Akafungua kopo la biskuti, akagusa vichupa kimoja kimoja kwa mgongo wa vidole. Kisha akainama kutazama chumba cha barafu, akaiona nta. Akaibonyeza.

"Njoo ubonyeze," akaniambia.

Nikabonyeza. Alama ya kidole changu ikabaki pale, kando ya alama ya kidole chake.

"Maganga, wewe ndiwe unayeijua nta. Ikikaa kwenye baridi inakuwaje?"

"Inakuwa ngumu, Shangazi," akajibu. "Ukiigusa kwa kucha inakatika kama chaki."

"Na hii?"

Maganga akaigusa kwa kucha, kucha ikazama. Alikuwa ameelewa kabla yangu, na uso wake nilioujua kwa kicheko ulikuwa umekauka. Tangu siku ya kwanza ushahidi ulikuwa ndani ya kile chumba, umeandikwa kwa kitu anachokijua kuliko wote mjini, na hakuna aliyefungua kuusoma.

Nilitazamia Shangazi apaze sauti. Hakupaza. Alifunga mlango, akavuta kigoda, akakaa.

"Kutoboa, Maganga, kungeweza kumpata yeyote," akasema. "Hilo sikukasirikii. Lakini uliusikia ule mlio, ukaenda kuuliza benchi. Kwihara si mbali. Ungekuja kuniambia, nikakutukana kidogo, na dawa zikapona." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayesomea ualimu. Umekaa na mlango huu siku zote hizi, mkono unao. Kazi ya mkono ukaupa mdomo."

Mwanangu, nimeambiwa maneno mengi makali maishani na watu wenye vyeo. Hayo ya Shangazi ndiyo pekee ambayo sijapata kuyajibu hata moyoni.

Alikwenda hospitali saa ileile, na kopo lake mkononi. Daktari alimweleza kwa uwazi. Dawa ile ikikaa katika joto hupoteza nguvu, ila kwa macho huwezi kujua, maana kichupani inabaki maji meupe yaleyale. Huenda bado ilikuwa na nguvu. Huenda ilikuwa imebaki nusu. Na hospitali haikuwa na nyingine, treni iliyotarajiwa ilikuwa haijafika. Waliokuwapo pale wakaanza kutoa maoni: mmoja alisema joto la Tabora haliharibu dawa, mwingine alisema ikipata joto inageuka sumu. Shangazi aliwaacha wamalize. Kisha akamwomba daktari amlaze, ili zile dawa zijaribiwe akiwa chini ya macho ya watu wenye kazi hiyo, kipimo kwa kipimo, baada ya kile kichupa cha Kwihara kwisha. Hakuzitupa, na hakuziamini. Alizipima.

Kichupa cha Kwihara kilimweka kwenye kijani. Kilipokwisha na kuanza vya friji, rangi ikaenda njano. Wakaongeza dozi. Ikarudi kidogo, kisha ikaenda rangi ya chungwa. Alikuwa akiniomba nimwoneshe kile kichupa cha kupimia dirishani kwenye mwanga, akakitazama kama alivyotazama daftari la mwanafunzi, na kusema jina la rangi bila kubadili sauti. Kiu ikamzidi. Miguu ikaanza kumchoma kwa ganzi. Asubuhi moja aliniomba nisimwambie rangi kwanza, akaitaja mwenyewe kabla hajaiona, kwa jinsi mwili ulivyokuwa. Alisema tofali. Ilikuwa tofali.

Katika siku hizo Maganga alikuja wodini amebeba chupa ya asali ya miyombo iliyofungwa kwa gazeti. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akafurahi, akasema huyo ndiye mtu mwenye akili, maana asali si sukari, asali ya porini inatibu kisukari, wazee wote wanajua. Maganga alisimama katikati ya wodi na ile chupa. Nilimwona akiitazama, kisha akimtazama Shangazi.

"Wanasema hivyo hata Ipole," akasema polepole. "Ndiyo maana nikaibeba. Lakini sijaona mwenyewe, Shangazi. Nimeambiwa tu." Akairudisha chupa chini ya kwapa. "Nitamuuliza daktari kwanza."

Daktari alimjibu kwa neno moja, nawe unaweza kulikisia. Lakini ninachokikumbuka ni kwamba Shangazi, ambaye alikuwa hana nguvu ya kuinua kikombe, alicheka. Kicheko kilikuwa kidogo na kilimchosha.

Baada ya hapo Maganga alihamia stesheni. Treni ilikuwa imechelewa, kichwa chake kimeharibika njiani, na jukwaani kulikuwa na watu waliongoja ndugu na mizigo, na kila mtu alikuwa na habari. Imefika Manyoni. Haijafika Dodoma. Imepita Itigi asubuhi. Imerudishwa. Mimi nilikuwa nikienda na kurudi kati ya wodi na stesheni, na kila habari niliyoisikia nilitamani kuikimbiza kwa Shangazi ili aishikilie. Maganga alinizuia.

Niliporudi wodini Shangazi akaniuliza, "Maganga yuko wapi?"

"Yuko stesheni."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anasema hatasema mpaka aone."

Akafumba macho. "Vizuri," akasema. "Basi akisema, nitamwamini."

Treni iliingia wakati wa adhuhuri. Mimi nilikuwa wodini. Sikusikia honi, au niliisikia nikadhani ni ya treni nyingine. Maganga aliingia akitembea haraka, nyuma ya mhudumu wa hospitali aliyebeba sanduku la baridi. Hakupiga kelele. Alikuja hadi miguuni pa kitanda, akaondoa kofia.

"Imefika, Shangazi," akasema. "Nimeiona."

Rangi ilirudi taratibu, kwanza chungwa, kisha njano, na baadaye kijani. Shangazi alitoka hospitali kwa miguu yake, ingawa mguu mmoja ulibaki na ganzi ambayo haikumwacha hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa uzee. Sikuelezi hili ili kukutisha. Nakueleza kwa sababu ndilo lililotokea, na wewe ukisimuliwa kwamba alipona kama vile hakuna kilichotokea utakuwa umesimuliwa uongo.

Friji ilitengenezwa na fundi wa majokofu, ambaye aliziba lile tundu kwa moto na kujaza gesi upya. Alipomaliza alisema, kama wasemavyo wote, kwamba imepona. Shangazi alimshukuru, akamkaribisha chai, akaweka bilauri ya maji katika chumba cha barafu, na hakuhamisha dawa zake kutoka hospitali hadi maji yale yalipoganda na kuendelea kuganda. Fundi hakukasirika. Alisema laiti wateja wote wangefanya hivyo.

Na Maganga, kwa miaka yote aliyoendelea kuleta asali mjini, alipoingia katika nyumba ile hakukaa, hakunywa maji, hata hakusalimia, kabla hajaifungua friji na kuingiza mkono. Alikaa na mkono mle kidogo, akafunga mlango, kisha akageuka na kusema, "Shikamoo, Shangazi." Naye akajibu marahaba kana kwamba ndivyo watu wote wanavyoingia nyumbani kwa watu.

Sasa nisikilize.

Sikukatazi kutengeneza vitu. Mtu anayeita fundi kwa kila skrubu iliyolegea ni mzigo kwa nyumba yake. Safisha feni yako. Badilisha plagi iliyoungua, ukiwa umezima umeme na umehakikisha umezima. Futa vumbi nyuma ya friji, kagua mpira wa mlango wake, na barafu ikijaa ichomoe uiache iyeyuke, maana subira haijapata kutoboa mrija. Lakini kabla hujafungua kitu jiulize kinatunza nini. Tivii huweza kuhifadhi umeme ndani yake hata baada ya kuchomolewa, na mkono wako hautapewa nafasi ya pili. Friji huenda inatunza samaki, na huenda inatunza uhai wa mtu. Kama hujui kilichomo nyuma ya ukuta, kisu chako kibaki mezani, hata kama mkono wako ni stadi. Hasa kama mkono wako ni stadi, kwa sababu utafanya ulichozoea katika kazi yake ya kwanza.

Video uliyoiona ni benchi, mwanangu. Ni ndefu kuliko benchi la Gongoni na ina picha nzuri, lakini ni benchi. Wapo humo wanaojua na wapo wenye shemeji hotelini, na wote huzungumza kwa sauti moja ya uhakika. Usiwadharau, ila usifanye lolote kwa neno lao ambalo hukuweza kulipima. Na ukiharibu, kama utakavyoharibu siku moja, usiende kutafuta mtu wa kukuambia kwamba hujaharibu. Nenda kwa mwenye kitu ukamwambie siku hiyohiyo, kitu kikiwa bado kinaweza kuokolewa. Atakasirika. Mpe nafasi akasirike. Kisha, kitu kinapotengenezwa, na wewe au na mwingine, usiseme kimepona kwa sababu kinaunguruma. Ingiza mkono.

Mungu aitie nuru mikono yako, ijue inachokigusa. Akupe ulimi mzito wa kusema usichokiona, na mwepesi wa kusema ulichokosea. Akulindie mama yako na kila kinachotunzwa nyuma ya mlango wa nyumba yenu. Na siku utakapokuja kuniambia kwamba friji yake iko salama, nami nikakuuliza swali la Shangazi, akujalie unijibu kama Maganga alivyojibu wodini, kofia mkononi: nimeiona.